Barua ya wazi kwa watayarishaji wa Naruto na Boruto: ahadi aliyopewa Neji bado ni deni

Kwa wakuu wa Studio Pierrot, kituo cha televisheni cha TV Tokyo na kampuni ya uchapishaji ya Shueisha,
Tokyo, Japani.

YAH: GHARAMA YA NGUVU NA HATIMA YA WAHUSIKA MLIOWAACHA NJIANI

Waheshimiwa,

Anayewaandikia barua hii ni mtazamaji wa Dar es Salaam ambaye hajawahi kufika Japani, hajui Kijapani zaidi ya maneno yanayopigiwa kelele wakati wa mapambano, na hana cheo kinachompa haki ya kuwafundisha kazi. Nilichonacho ni muda niliouweka. Nimemaliza vipindi 220 vya Naruto, katuni ya kijana ninja, vilivyoanza kurushwa mwaka 2002, vipindi 500 vya mwendelezo wake Naruto Shippuden vilivyokoma mwaka 2017, na vipindi 293 vya Boruto, hadithi ya mtoto wa Naruto, vilivyosimama tarehe 26 Machi 2023. Vya mwanzo nilivitazama kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu Temeke, tumebanana kwenye mabenchi. Vya baadaye nilijaziwa kwenye flashi na kijana wa maktaba ya muvi, jambo ambalo najua halikuwaingizia nyinyi hata senti, na naliungama mapema ili tuzungumze bila kinyongo.

Nimeamua kuandika sasa kwa sababu anime, yaani katuni ya televisheni, imesimama huku manga, yaani hadithi ya vitabu vya picha, ikiendelea. Tangu Agosti 2023 hadithi ya Boruto inachapishwa kwa jina la Two Blue Vortex, wahusika wameongezewa miaka mitatu, na siku mtakapoamua kuirudisha kwenye televisheni kutakuwa na kikao cha kuamua kipi kiongezwe na kipi kiachwe. Ombi langu ni la kikao hicho.

Kilichonisukuma ni swali la mtoto. Nina mpwa wangu wa miaka 11, na katika likizo moja nilimtazamisha pambano la vijana wawili, Rock Lee na Gaara, katika mtihani wa Chunin, ule wa kupandisha ninja cheo. Mnalikumbuka. Lee amesimama juu ya sanamu ya mikono mikubwa, mwalimu wake Guy anampa ruhusa, naye anakaa kitako na kuvua taratibu vyuma vizito alivyofungwa miguuni. Walio upande wa Gaara wanadharau, kwa maana kupunguza uzito kidogo kutamsaidia nini mtu asiyejua jutsu hata moja, yaani zile mbinu za kichawi za ninja? Kisha anaviachia vyuma vile, vinaanguka, na sakafu inapasuka kwa kishindo na vumbi. Mpwa wangu alisimama kwenye kochi. Hakuna aliyemweleza kitu, lakini alielewa papo hapo kwamba kijana yule alikuwa amebeba mzigo ule kila siku, akila nao, akikimbia nao, bila mtu kujua.

Wiki iliyofuata tulikuwa tumefika kwenye Boruto, mahali ambapo alama ya Karma inawaka kiganjani na kumeza jutsu ya adui. Mtoto akaniuliza, "Mjomba, na huyu alifanya mazoezi gani?" Nikamjibu kwamba hakufanya, kwamba alama ile aliachiwa na Momoshiki, adui waliyemuua. Akasema "Ahaa," akachukua simu yake.

Sitaki mnielewe vibaya. Sidai kwamba Boruto hafanyi mazoezi, wala sipingi nguvu za kurithi, kwani Naruto mwenyewe alifungiwa Mbweha mwenye mikia tisa akiwa mchanga. Malalamiko yangu yanaanzia mahali pengine kabisa, kwenye pambano la Naruto na Neji Hyuga katika mtihani uleule wa Chunin, ambalo kwangu mimi ndiyo katiba ya hadithi yote. Neji alisimama uwanjani akasema mtu huzaliwa na hatima yake na hawezi kuikimbia, akavua kitambaa cha kipaji cha uso na kuonesha muhuri aliochorwa utotoni, ule ambao watu wa nyumba kuu ya ukoo wake wakiuamsha unamtesa ubongo mpaka anagaagaa. Baba yake, Hizashi, alikufa badala ya pacha wake Hiashi, na Neji aliamini aliuawa kwa sababu tu alizaliwa wa pili. Naruto, mtoto aliyefeli shule mara kadhaa, akamwambia hapana, akampiga, na akaahidi kwamba akishakuwa Hokage, mkuu wa kijiji, ataubadilisha ukoo wa Hyuga.

Waheshimiwa, Naruto alikuwa Hokage. Tena amemwoa Hinata, binti wa nyumba kuu ya Hyuga. Neji alikufa vitani akiwakinga wawili hao kwa mwili wake. Na mimi, katika vipindi vyote nilivyovitaja, sijaoneshwa tukio moja ambalo muhuri ule unakomeshwa mbele ya macho ya ukoo.

Tulichooneshwa ni Himawari, binti wa Naruto na Hinata, anayeyaamsha macho ya Byakugan, kipaji cha kuona cha ukoo wa Hyuga, siku ya kutawazwa kwa baba yake na kumzimisha kwa pigo moja, baba akaikosa sherehe yake mwenyewe. Tulicheka sana. Lakini mimi kicheko kilinikatikia njiani, maana nilijiuliza: mtoto wa nyumba ndogo akiyaamsha macho hayohayo siku hiyohiyo, huwa anafanyiwa nini kwenye paji la uso?

Ninachopendekeza ni masimulizi mafupi, ya vipindi vinne au vitano, yatakayoilipa ahadi hiyo. Nimeyafikiria kwa kina na naomba mnivumilie niyaeleze, kwa sababu yakifanywa vibaya yatakuwa hotuba tu, Hokage anatia saini karatasi na watu wanapiga makofi.

Ugumu wa jambo hili mmeshauweka nyinyi wenyewe na mnausahau. Muhuri wa Hyuga haukuwekwa kwa ukatili mtupu, una kazi. Mwenye nao akifa, macho yake hujifunga na siri ya Byakugan inazikwa naye. Wezi wa macho wapo kweli: Hinata alinusurika kuibwa akiwa na miaka mitatu na mjumbe wa kijiji cha Kumo, na Ao wa Kirigakure alitembea miaka mingi na jicho la Hyuga chini ya kitambaa. Kwa hiyo anayesema "futeni muhuri" lazima ajibu swali la mzee wa ukoo atakayesimama na kuuliza, "Na watoto wetu wakifukuliwa makaburini kwa ajili ya macho yao, utakuwa wapi?" Mzee huyo mpeni hoja nzito na sauti ya upole. Msimfanye mjinga.

Na wa kulijibu swali hilo asiwe Naruto. Awe Tenten.

Najua wengi watacheka, kwa sababu Tenten amekuwa mzaha kwa miaka zaidi ya 20. Alipigwa na Temari mapema kabisa katika mtihani, akapata nafasi ya dakika chache katika Vita Kuu ya Nne alipoiokota feni ya Bashosen iliyokaribia kumnyonya chakra yote, yaani nguvu ya ndani ya ninja, kisha tukamkuta ukubwani na duka la silaha katika zama za amani ambazo hazina wanunuzi wa silaha. Hebu tumtazame upya. Silaha zake zote anazitoa wapi? Kwenye magombo. Yale magombo ni nini? Ni mihuri, mamia ya mihuri iliyoandikwa kwa mkono, kila mmoja umefungia kitu na kila mmoja unatii mwitiko mmoja. Katika kizazi chake chote hamkuwa na kijana aliyeishi na elimu ya mihuri kila siku kama yeye, na alikuwa timu moja na Neji. Alimwona akivua na kuvaa kile kitambaa tangu utoto. Duka lisilo na wateja linampa muda, na msiba wa rafiki aliyekufa unampa sababu. Vyote hivyo mlishavichora, vimekaa tu kabatini.

Naona hivi: Tenten amekuwa akiuchunguza muhuri wa Hyuga kwa miaka, kimyakimya, usiku baada ya kufunga duka. Anagundua kwamba kazi mbili za muhuri, yaani kufunga macho baada ya kifo na kumtesa mwenye nao akiwa hai, zimesukwa pamoja kwa makusudi, na kwamba zinaweza kutenganishwa. Anaweza kuandika muhuri mpya unaolinda macho na usio na mateso ndani yake. Lakini muhuri hauishi bila mshikaji. Ule wa zamani ulishikwa na nyumba kuu. Huu mpya lazima ushikwe na mtu asiye na damu ya Hyuga, atakayeulisha chakra yake mwenyewe kila siku mpaka kizazi kingine kipokee. Tenten akikubali, hataweza tena kufungua magombo mawili kwa pamoja na kumwaga silaha mia angani, kitu pekee alichojulikana nacho. Mwacheni akatae kwanza. Mwacheni akasirike kwamba hata safari hii, siku yake ya kung'ara ndiyo siku ya kupoteza alichokuwa nacho. Halafu akubali kwa hiari yake, bila hotuba.

Na wa kwanza kuchorwa muhuri huo awe Hanabi, mdogo wake Hinata, ambaye baba yao alimpa urithi wa ukoo. Nyumba kuu haijawahi kuchorwa kitu. Mchoreni amepiga magoti mbele ya watu wa nyumba ndogo, nywele zimerudishwa nyuma, paji la uso wazi, na kamera isiondoke usoni pake mpaka wino ukauke. Rock Lee awe amesimama mlangoni. Asipigane na mtu. Huyu alimpenda Neji kama mpinzani wake wa maisha, na ataona kwa macho yake kile ambacho Neji hakukiona. Nadhani mtu akiwa na Lee mlangoni na Hanabi sakafuni, hahitaji muziki mwingi.

Nimelieleza hilo kwa urefu kwa sababu ndani yake mna kila ninachoomba kuhusu nguvu kwa ujumla: nguvu mpya itoke kwenye tabia na maisha ya mhusika, impe jambo alilolitaka kwelikweli, na imwondolee kitu tunachokiona kikiondoka. Nyinyi mnajua kuifanya kazi hii kuliko mtu yeyote. Guy alipofungua lango la nane, la mwisho la nguvu za mwili, dhidi ya adui Madara, tulikuwa tumeambiwa tangu zamani kwamba lango hilo ni kifo; Naruto alimwokoa, lakini mlimwacha kwenye kiti cha magurudumu, na kila akipita kwenye skrini tunakumbuka. Shikamaru alipolipiza kisasi cha mwalimu wake Asuma hakupewa nguvu mpya kabisa. Alilia mbele ya baba yake kwenye ubao wa shogi, akatafakari, akamvuta muuaji, Hidan asiyekufa, mpaka ndani ya msitu wa ukoo wake, na akamaliza kazi kwa shimo, nyaya, karatasi za mlipuko na kiberiti cha gesi cha marehemu. Kivuli ni kilekile tulichokijua tangu siku ya kwanza. Aliyebadilika ni kijana.

Mambo yalianza kuharibika pale gharama zilipoanza kufutwa. Macho ya Sasuke, mpinzani wa Naruto, yalikuwa yanaelekea upofu, akapewa ya kaka yake, na juu yake akaongezewa jicho la nguvu la Rinnegan na mzee wa kale Hagoromo, ambaye alimjalia Naruto naye nguvu kwa wakati uleule. Kisha tukaambiwa kwamba wawili hao ni roho za wana wa mzee huyo zilizorudi duniani, yaani Neji alikuwa sahihi uwanjani siku ile na aliyekosea ni Naruto. Sijui kama mlikusudia kusema hivyo. Mimi ndivyo nilivyosikia, na Neji hayupo tena wa kumwomba radhi.

Ndiyo maana kifo cha Kurama, yule Mbweha wa Naruto, kiliniliza na pia kikanipa moyo. Baryon, nguvu ya mwisho waliyoitumia wawili hao, ilikuwa na bei, bei ikalipwa, na haikurudishwa kipindi kilichofuata. Naomba anime ikirudi, popote itakapomgusa Naruto, ioneshe ukimya wa ndani ya mtu aliyezoea kuzungumza na sauti nyingine tumboni tangu utoto.

Nina ombi jingine moja kubwa, nalo ni la Sarada Uchiha, binti wa Sasuke na Sakura. Ameamsha Mangekyo Sharingan, macho ya nguvu ya ukoo wa Uchiha, kwa uchungu wa kumtetea Boruto wakati dunia nzima imegeuzwa akili kwa nguvu ya binti aitwaye Eida na kumwona Boruto ndiye adui. Ni mwamko mzuri, wa mapenzi na wala si wa kuua. Lakini kanuni yenu inasema macho hayo hula nuru ya mwenye nayo, na dawa pekee tuliyowahi kuoneshwa ni kupandikiziwa macho ya ndugu wa damu. Sarada hana ndugu. Ana mama ambaye ni daktari.

Hapo ndipo pa Sakura. Huyu ndiye aliyefika juu ya mti kabla ya wenzake siku ya kwanza ya kujifunza kuongoza chakra. Ndiye aliyejinasua mwenyewe kutoka kwenye genjutsu, yaani mazingaombwe, iliyolaza uwanja mzima, wakati Naruto akikoroma. Ndiye aliyeitoa sumu ya Sasori mwilini mwa Kankuro na kutengeneza dawa yake wakati waganga wa Suna wameshakata tamaa. Kwa miaka mingi mmempa ngumi za kupasua ardhi na machozi ya kumlilia Sasuke, na akili yake mkaiacha njaa. Mpeni ugonjwa wa kutafiti, na mgonjwa awe binti yake.

Tena mna zawadi ambayo sijui kama mmeiona: Sarada anavaa miwani tangu mtoto. Macho yake yakianza kufifia hakuna atakayeshtuka, wote watadhani namba ya miwani imebadilika. Mwonesheni akisogeza karatasi ya kazi karibu kidogo na uso. Kipindi kinachofuata, karibu zaidi. Asimwambie mtu, kwa sababu anataka kuwa Hokage na anajua Hokage kipofu hatachaguliwa. Sakura aje kugundua mezani, wakati wa kula, binti anapoikosa bakuli ya chumvi kwa upana wa kidole. Kutoka hapo msimponye haraka. Kila atakapotumia macho yale vitani sisi huku tutakuwa tunahesabu, na pambano litakuwa na uzito ambao hata adui mwenye mikia kumi hawezi kuuleta.

Wengine nitawataja kwa ufupi tu. Shino ana wadudu wanaoishi mwilini mwake na hamjawahi kutuonesha siku moja wakimkataa. Metal Lee, mtoto wa Rock Lee, anayetetemeka akitazamwa na watu, mlimwanza vizuri sana shuleni kisha mkamwacha. Mtoto ambaye kipaji chake hufa mbele ya hadhara ni mada ya leo kuliko hata Karma. Kiba sina la kusema juu yake ila mbwa wake amezeeka na ninyi mnajua hilo linaelekea wapi.

Natambua mipaka yenu. Masashi Kishimoto, aliyeianzisha hadithi hii mwaka 1999, ndiye mwenye hadithi, na hakuna ninachopendekeza kinachogusa mkondo mkuu wa manga. Lakini anime yenu haijawahi kuogopa kuongeza ya kwake. Baada ya Sasuke kuondoka kijijini mlitujazia zaidi ya vipindi 80 visivyokuwa kwenye manga, na nikisema kweli, vingi vyake nilivitazama kwa sababu tu umeme ulikuwepo. Kwa hiyo nafasi ipo. Imekuwa ikitumika kwa mbuni na hazina zilizopotea. Mwaka 2023 mlipoahirisha vipindi vinne vipya vya kuadhimisha miaka 20 kwa sababu mlitaka kuinua ubora wake, wengi walinuna. Mimi nilifurahi, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza kuona ratiba ikisubiri kazi.

Nami niko tayari kusubiri, na safari hii nitatazama kwa kulipia. Naomba tu kwamba mtakaporudi, kipindi kimoja kati ya vile vitano kianzie ndani ya duka la Tenten, asubuhi mapema, vumbi limetulia juu ya silaha zisizonunuliwa, yeye akiwa ameinama juu ya gombo lililo wazi, na kwenye kona ya meza pawe na kitambaa cha kipaji cha uso ambacho si chake.

Wenu mtiifu,
Mtazamaji wa Temeke,
Dar es Salaam.